Mke Wangu Alisema Panauma, Nikainua Mkono

— Hapo panauma.

— Pole, wifi. Vumilia kidogo, nitabonyeza zaidi.

Mke wangu akauma mdomo, lakini mpimaji mwenzangu hakuondoa mkono. Alikandamiza kifaa chake upande wa kulia wa kifua, pembeni kabisa ya kovu la titi lililokatwa miaka kumi na moja iliyopita, akakizungusha taratibu huku macho yakiwa kwenye skrini. Mashine ikaanza kutoa mlio wa damu inayolazimishwa kupita mahali pembamba. Mlio ukapanda, ukapanda tena, mpaka nikatamani kuziba masikio.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nimepima mioyo ya watu katika chumba kile kwa miaka kumi na tisa, na mlio ule naujua hata nikiwa nimefumba macho. Sikuhitaji kuona namba: kasi ya damu ikivuka nne, vali, ule mlango wa moyo, imekakamaa vibaya.

Mwaka jana, kwenye kitanda hichohicho, mke wangu aliniambia maneno hayohayo mawili. Mimi niliinua mkono.

— Nne pointi tisa, akasema mwenzangu kwa sauti ya chini.

— Hiyo ni nzuri au mbaya? mke wangu akauliza. — Maana shuleni ningepata nne tu kwenye hesabu, nyumbani wangechinja kuku.

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe alijaribu, pumzi ikamkatikia njiani.

— Wifi, mwaka jana nani alikupima?

— Nani tena? Si huyo Mheshimiwa hapo mlangoni! Kifua changu hakionwi na mtu mwingine. Leo umekiona kwa sababu nililetwa nimezimia. Ningekuwa na fahamu zangu ungekisikia kwa jirani.

Ni kweli alizimia. Mke wangu ni fundi wa mapazia, na asubuhi ile alikuwa juu ya ngazi katika ofisi ya mteja, anatundika. Dada yake mkubwa ndiye aliyekuwa chini ameshika ngazi, na ndiye aliyenipigia simu.

— Shemeji, uko wapi?

— Niko kazini.

— Basi kaa hapohapo, usiondoke. Tunakuletea mkeo.

Mwenzangu alimaliza kupima, akamfunika mke wangu shuka vizuri, kisha akanivuta mpaka kwenye kistoo tunachowekea makopo ya jeli ya kupakia vifua. Akafunga mlango.

— Kaka, nimefungua ripoti yako ya mwaka jana. Umeandika tatu pointi tano. Vali imekakamaa kwa kiwango cha wastani. Arudi baada ya mwaka.

— Ndiyo.

— Chini yake umeandika sehemu zote tano za kifua zimepimwa.

— Ndiyo.

— Na hii ya kulia, penye kovu, uliipima?

Nikaanza kupanga makopo ya jeli yaliyokuwa yamepangika tayari.

— Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii. “Usiridhike na namba ya kwanza. Zunguka kifua chote uitafute namba kubwa kuliko zote, maana hiyo ndiyo ya kweli.” Maneno yako hayo, nimeyaandika kwenye daftari langu.

— Ugonjwa unaweza kupanda ndani ya mwaka.

— Unaweza. Nakuuliza kama umepanda.

Huyu dada nilimpokea hapa akiwa hajui hata kuwasha mashine, na sasa ananitazama kama mimi ndiye nimeketi kwenye dawati la mtihani. Alikuwa na haki.

Wewe unayesoma, ngoja nikueleze, halafu unihukumu utakavyo. Chumba chetu kina kanuni moja: humpimi ndugu yako. Wahenga walishamaliza, kinyozi hajinyoi. Lakini mke wangu tangu akatwe titi hakutaka mtu yeyote aone kifua chake. Hata dada yake hakuwahi kukiona. Alipoanza kuhema akipanda ngazi, alisema atapimwa na mimi au hapimwi kabisa. Nikaivunja kanuni, nikampima saa ya chakula cha mchana wenzangu wakiwa wametoka.

Siku moja kabla ya hapo, wageni walikuwa wamefika. Walikuwa madaktari bingwa wa kubadilisha vali bila kupasua kifua. Vali mpya hukunjwa ndani ya mrija mwembamba, ikaingizwa kupitia mshipa wa pajani, ikasukumwa taratibu mpaka moyoni, kisha ikafunguliwa palepale ndani ya ile vali mbovu. Mgonjwa kesho yake anatembea. Kwa mke wangu hakukuwa na njia nyingine. Mionzi iliyomponya saratani ndiyo iliyokuja kuikakamaza vali yake, na ndiyo iliyofanya kifua chake kisiweze kupasuliwa tena.

Wageni walikuja na vali nane. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee mmoja fundi viatu. Nilimpima mwenyewe asubuhi, akanitania kwamba kiatu changu cha kushoto kinacheka. Baada ya saa mbili alifia mezani. Wale saba waliofuata walirudi nyumbani kwa miguu yao, lakini mimi nilipomlaza mke wangu kitandani nilikuwa nimemwona yule mmoja tu.

Na kuna jambo jingine, hili sikumwambia mtu. Mwaka jana, kabla sijainua mkono, mashine ilishika mapigo matatu. Matatu tu. Namba ilikuwa nne pointi tatu. Niliiona. Mke wangu akasema hapo panauma, nikashukuru kwamba panauma, nikainua mkono, nikampangusa jeli. Nikajiambia mwaka ujao wageni watarudi, na watu wetu watakuwa wameizoea kazi. Ameishi hivi, atashindwa kuishi mwaka mmoja?

— Kaka, mwenzangu akasema, — msuli wa moyo wake umechoka. Unasukuma robo tu ya damu inayojaa. Mtu mwenye afya husukuma zaidi ya nusu.

— Nimeona.

— Wageni wako hapa wiki hii. Kikao cha kuchagua wagonjwa ni kesho saa sita mchana. Daktari Mkuu atafungua ripoti yako, ataona mwaka jana vali ilikuwa ya wastani. Unajua atasema nini?

Nilijua. Atasema vali ya wastani haichoshi msuli kiasi hiki. Atasema msuli umeunguzwa na ile mionzi, na moyo ulioungua hausaidiwi na vali mpya. Atamwondoa kwenye orodha. Lakini akijua kwamba vali ilikuwa mbaya tangu mwaka jana, ataelewa kwamba msuli umechoka kwa kusukumana nayo mwaka mzima. Msuli wa namna hiyo huenda ukaamka ukipunguziwa mzigo. Huenda.

— Mimi sisemi, akasema. — Utasema wewe. Na uanze na mkeo.

Wodini nilimkuta mke wangu ameegemezwa mito mitatu, Dada Mkubwa kando yake anamenya chungwa kwa hasira.

— Afadhali umekuja, shemeji. Mwambie mkeo aache kazi. Mtu anapanda ngazi kutundikia watu mapazia, na sebuleni kwake ametundika shuka! Shuka la maua! Miaka sita sasa!

— Dada, kinyozi hajinyoi.

— Hajinyoi, lakini hata kichwa hafungi kitambaa? Na wewe shemeji, mbona umekaa kama mtu aliyemeza funguo?

— Nimechoka tu, shemeji.

Mke wangu akanishika vidole.

— Mwenzako amenieleza habari za vali mpya. Eti inatengenezwa kwa ngozi ya moyo wa ng'ombe. Mheshimiwa, ukisikia nalia moo usishtuke.

— Usilie moo, bibie. Jirani atakuja na ndoo.

Alicheka mpaka akakohoa. Dada Mkubwa alipotoka kwenda kunawa, uso wa mke wangu ukabadilika.

— Sasa niambie ukweli. Ni mbaya?

— Ni mbaya kidogo.

— Kidogo gani? Wakati wa saratani uliniambia kila kitu. Daktari akizunguka, wewe ulikuwa unaninyooshea. Ndiyo maana niliweza. Niahidi na hii hutanificha.

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, na mimi nilikuwa na mdomo.

— Nakuahidi, nikasema.

Kama kuna mtu anatafuta mwanaume mwoga wa kumtolea mfano, anitafute mimi.

Kesho yake saa tano na nusu, nikiwa koridoni, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwake: “Mheshimiwa umekula? Usiingie kikaoni na njaa. Mtu mwenye njaa husikia maneno vibaya.”

Sikuwa nimekula tangu jana yake. Niliandika “nimekula”, nikafuta. Nikaandika “nakupenda”, nikaona aibu, nikafuta. Nikaingia.

Kikaoni walikuwepo Daktari Mkuu, wageni wawili, wauguzi, mpimaji mwenzangu na mimi. Ilipofika zamu ya mke wangu, Daktari Mkuu alivua miwani. Amenifahamu tangu nikiwa sina hata mvi moja, na alicheza kwenye arusi yetu mpaka soli ya kiatu ikabanduka.

— Huyu ni wetu, akasema, — kwa hiyo niseme kwa uchungu. Mwaka jana vali yake ilikuwa ya wastani. Mwaka mmoja baadaye msuli umefika robo. Kwangu mimi hii ni mionzi. Tukimwekea vali tutamtesa bure. Napendekeza apewe dawa, arudi nyumbani akae na watu wake.

Mgeni mmoja akatikisa kichwa kukubali. Muuguzi akashika kalamu amkate kwenye orodha. Mwenzangu hakusema neno. Alikuwa ananitazama tu.

Nikasimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu.

— Ripoti ya mwaka jana ni ya uongo.

— Umesemaje?

— Niliiandika mimi. Sehemu ya kulia sikuimaliza. Naomba mfungue picha za siku ile, ile ya mwisho kabisa, ambayo haina jina.

Mwenzangu akafungua. Mashine haisahau kitu. Yakatokea mapigo matatu ukutani, makubwa, kila mtu akayaona. Moja, mbili, tatu, kisha skrini ikawa nyeusi. Hapo ndipo mkono wangu ulipoinuka.

Mgeni akafuata vilele vya mapigo yale kwa kidole, akasoma kipimo.

— Nne pointi tatu.

— Uliiona siku ile? Daktari Mkuu akaniuliza.

— Niliiona, Daktari.

— Ukaandika wastani.

— Niliogopa angefia mezani kama yule mzee wa viatu.

Daktari Mkuu alivaa miwani, akaivua tena.

— Toka nje, akasema. Hakupandisha sauti. Ningeshukuru kama angepandisha.

Nilisimama koridoni kwa dakika arobaini. Mlango ulipofunguliwa alitoka peke yake.

— Tutamfanyia kesho kutwa. Wewe huingii tena kwenye chumba cha vipimo mpaka utakapopata barua. Na huyu mgeni amenipa hesabu, nikupe na wewe uibebe. Mwaka jana, kati ya watu kumi kama mkeo, tisa wangerudi kuishi maisha yao. Sasa ni watatu.

— Watatu, Daktari?

— Huenda wanne, kama Mungu akitazama upande huu. Nenda ukamwambie mkeo kabla hajatia saini. Usipomwambia, nitamwambia mimi.

Mke wangu alikuwa amekaa kitandani anapima dirisha la wodi kwa macho. Kazi yake haikumtoka hata kwenye dripu.

— Haya mapazia aliyashona nani? Yamekatwa mafupi, jua lote linaingia kwa mgonjwa. Pazia likikatwa fupi ndiyo basi, hata fundi alie machozi halirefuki. Wamesemaje?

— Watakufanyia kesho kutwa.

— Heri! Sasa mbona unalia?

Dada Mkubwa akaacha kukunja nguo.

Nikamwambia. Nilimwambia nimesimama, kwa sababu niliona sistahili kukaa kitandani kwake. Nilimweleza habari za fundi viatu, za mapigo matatu, za tatu pointi tano niliyoiandika. Nilimwambia na ile tisa kati ya kumi, na hii tatu ya sasa. Hakunikatiza hata mara moja, na huyu ni mwanamke aliyekuwa akimkatiza mpaka mshehereshaji.

— Uliiona namba? akauliza mwisho.

— Niliiona.

— Nilipokaa kuvaa blauzi nikakuuliza vipi, ulinijibu nini?

— Sikumbuki.

— Unakumbuka. Uliniambia, “Wastani, bibie, utanizika wewe.” Nikacheka njia nzima. Tuliporudi nikapanda ngazi zote za nyumba yetu kwa mara moja kukuonyesha kwamba mimi mzima. Nikafika juu naona giza, nikanyamaza. Nikasema ni uzee, mbona mume wangu amepima kasema wastani? Mwaka mzima, Mheshimiwa! Kila nikihema najitukana kwamba ni uvivu!

— Ulisema panauma...

— Panauma! Kwani nilikuambia uache? Nilikatwa titi, nikachomwa mionzi, leo nishindwe kuvumilia kifaa chako? Sikumpa mtu mwingine aone kifua changu. Nilikupa wewe. Ukanionea huruma pale ambapo sikukuomba.

— Bibie...

— Usiniite hivyo. Toka.

Dada Mkubwa alinifuata mpaka mlangoni, kisu cha machungwa mkononi, nikadhani leo ndiyo leo. Lakini alikuwa analia.

— Watu wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mdogo wangu hakuficha, shemeji! Umemfichia wewe! Sasa kifo kikija kimuumbue nani?



Siku ya kuwekwa vali nilikaa kwenye benchi la nje kama mtu wa mbali aliyekuja kuuliza njia. Sikuruhusiwa kumwona. Dakika kumi kabla ya kumwingiza, simu ikatetemeka: “Nimetia saini. Sijakusamehe. Dawa ya presha ya dada iko kwenye mkoba wangu wa kijani, saa nane mpe, yeye atasahau.”

Niliusoma ujumbe ule mara nyingi sana. Saa nane kamili nikampelekea Dada Mkubwa dawa. Akaimeza bila kunitazama, kisha akasogea kidogo kwenye benchi lake nipate pa kukaa.

Saa tisa Daktari Mkuu akatoka.

— Vali imekaa vizuri kabisa. Haivuji hata tone.

Dada Mkubwa akaruka, akanikumbatia, kisha akakumbuka mimi ni nani, akaniachia.

— Sasa tunausubiri msuli, akaongeza Daktari Mkuu. — Tumeutua mzigo. Kama bado una nguvu, utaamka ndani ya wiki kadhaa.

Kesho yake alitembea koridoni. Siku ya nne akarudi nyumbani. Wiki ya kwanza aligombana na kila mtu, nikaona dalili njema. Alinipa mkeka nilale sebuleni, chini ya lile shuka la maua, na kila asubuhi nilimsikia akihesabu hatua kutoka kitandani mpaka jikoni. Ishirini na mbili. Alizimaliza. Nikaanza kuota kwamba sisi ni miongoni mwa wale watatu.

Wiki ya pili alisimama kwenye hatua ya kumi na tano. Wiki ya tatu miguu ilivimba, viatu vikagoma. Ya nne alilala akiwa amekaa. Vidonge vikaongezwa, vikabadilishwa, vikaongezwa tena. Mimi nilikuwa nimeshapata barua yangu ya kuachishwa kazi. Imeandikwa kwa adabu sana. Ukiisoma haraka unaweza kudhani nimepongezwa.

Siku ya kupimwa tena tulikwenda watatu. Mpimaji mwenzangu alishamwandalia kitanda. Mke wangu akakaa, akakamata vishikizo vya blauzi, kisha akasimamisha mkono.

— Apime yeye.

— Wifi, haruhusiwi. Kanuni...

— Kanuni mliivunja nikiwa mzima, leo mnaikumbuka nikiwa nusu? Apime yeye. Wewe simama pembeni, mwangalie kila anachofanya. Na wewe dada, usitoke. Ukione na wewe hiki kifua, nimechoka kukificha.

Mwenzangu alinitazama kwa muda. Kisha akafunga mlango kwa ufunguo, akanipa kifaa.

Vifungo vya blauzi alivifungua mwenyewe. Dada Mkubwa akaona kovu la mdogo wake kwa mara ya kwanza, akafunika mdomo, kisha akainama akalibusu bila kusema kitu. Mke wangu akamgonga kichwani.

— Basi, dada, utameza jeli.

Nikapima kushoto. Nikapima chini ya mbavu. Nikapima shingoni. Sehemu ya nne nikaimaliza. Nikaja kulia, pembeni ya kovu, nikabonyeza.

— Hapo panauma, akasema.

Mkono wangu haukuinuka. Nikabonyeza zaidi. Akauma mdomo, machozi yakamtoka, kisha nikahisi kiganja chake juu ya mkono wangu. Nilidhani anauondoa. Alikuwa anaukandamiza.

Nikahesabu mapigo matatu, matano, kumi. Nikazunguka chote. Nikapima msuli mara tatu kutafuta namba bora, na mara zote tatu mashine ikanipa namba moja.

— Ngapi? akauliza.

— Vali ni nzuri sana. Damu inapita bila shida.

— Sikuulizi vali.



— Msuli umeshuka. Ulikuwa ishirini na tano kati ya mia. Sasa ni kumi na nane.

— Utapanda?

Mpimaji mwenzangu akageukia ukutani. Dada Mkubwa akaanza kuomba dua kwa kunong'ona. Nilikuwa na maneno mengi mazuri, mengine nimewaambia wagonjwa kwa miaka kumi na tisa: tusubiri, dawa zipo, Mungu ni mkubwa. Nikamtazama usoni.

— Hapana, bibie. Hautapanda.

— Muda gani?

— Miezi. Siyo mingi.

Kisha akashusha pumzi, ndefu kwa kadiri alivyoweza.

— Umeona? akasema. — Kumbe unaweza kusema.

— Nisamehe.

— Nimekusamehe. Siyo yote, usije ukavimba kichwa. Kiasi cha kukuruhusu urudi kitandani. Iliyobaki nitaondoka nayo. Haya nipanguse, jeli yenu ina baridi kama mapokezi yenu.

Nikampangusa. Nikamfunga vishikizo kimoja kimoja, na vidole vyangu vilikosea matundu mara mbili, akaniacha nirudie. Kwenye gari alilaza kichwa begani kwangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ile ya wodini.

— Tukifika unishikie futi, akasema. — Nataka kushona mapazia ya sebule. Nimechoka kuaibishwa na dada.

— Nitakupimia mimi, wewe upumzike.

— Wewe? Thubutu! Nitapima mwenyewe. Wewe utaandika, na uandike ninachokutajia.

Nikaandika alichonitajia, upana na urefu, mpaka nusu sentimita. Alishona akiwa amekaa kwenye kochi, dakika tano cherehani, dakika ishirini kupumzika, mimi nikimkanyagia pedeli. Pazia la kushoto alilimaliza, nikalitundika, akanikosoa kamba, nikalitundika upya.

La kulia hakujaaliwa kulimaliza; liko kwenye cherehani mpaka leo, sindano imezama kwenye upindo. Dada Mkubwa ameniomba mara mbili alimalizie. Nimemwambia aache.